Siku Nilipotangaza Maji ya Boza

Kwenye sherehe yangu ya kuagwa, mshereheshaji alisoma wasifu wangu, akafika mahali akasema nilihamishwa kutoka kata ya machimbo "kwa manufaa ya utumishi". Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, maana ukishavikwa taji la maua ya plastiki shingoni huna pa kuanzia ubishi. Lakini ninyi wadogo zangu, watendaji wa kata mliokaa meza ya nyuma mkinong'onezana, mlinifuata kwenye foleni ya chakula mkataka kujua ukweli wake. Nikawaahidi nitaandika. Sasa hivi hakuna tena wa kunidai barua ya kujieleza, kwa hiyo najieleza kwa hiari yangu.

Habari za vyeo waulizeni waliovipata. Mimi nitawaeleza kazi.

Mimi ni mtoto wa Mhunze, nimekulia kwenye pamba na ng'ombe. Dhahabu nilikuwa naiona masikioni kwa wake za wenye maduka tu. Siku niliyoripoti kwenye ile kata, kijana wa bodaboda alinishusha njia panda na begi langu, akasema anawahi abiria, nikatembea kipande kilichobaki nikiuliza ofisi ya kata iko wapi. Kila niliyemuuliza alinionyesha kwa kidevu. Nikaikuta: chumba kimoja, mlango umefungwa kwa kamba ya katani, na nje amekaa mzee mwenye koti la sufu kwenye jua lile. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia, akanitazama viatu. "Hivyo," akasema, "havitafika mwezi." Kweli havikufika.

Huyo alikuwa Mzee Lutonja, mtendaji wa kijiji, na ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni walinifundisha sheria. Yeye alinifundisha kusuluhisha ugomvi wa mpaka kwa kuwapeleka wagomvi shambani asubuhi kabla hawajala, kwa sababu mtu mwenye njaa hana nguvu ya kusimulia habari za babu yake. Alinifundisha kutokaa na mgongo mlangoni kwenye mikutano ya wachimbaji. Na alinikabidhi kipaza sauti cha mkononi, kile cha betri kubwa, chenye mdomo uliopasuka na kufungwa kwa mpira wa baiskeli.

Sharti lake lilikuwa moja. Kipaza sauti kinatangaza kilichofika, basi. Chanjo imefika, tangaza. Daktari wa macho amefika, ameshuka garini, umempa mkono, tangaza. Kinachokuja usikiguse. Aliyenitangulia pale alikuwa na tabia ya kutangaza ahadi: kesho mbolea, kesho daktari, kesho mheshimiwa. Watu walikaa juani wakisubiri, mwisho wakambatiza jina la Bwana Kesho, na hata mwanawe shuleni akaitwa Kesho Mdogo. Nikasema hapana, mimi ni Mama Minza na nitaendelea kuitwa Mama Minza.

Sasa nimlete diwani. Kwa msiomfahamu, Mheshimiwa Nyanzobe alikuwa muuza dagaa mnadani kabla hajachaguliwa, na hata baada ya kuchaguliwa aliuza dagaa, ila sasa wateja walimwita Mheshimiwa huku wakiomba nyongeza. Diwani ndiye anayekaa kwenye Baraza la Madiwani na kuwauliza wakuu wa halmashauri maswali ya wananchi. Mtendaji wa kata anakaa viti vya nyuma ukumbini, anasikiliza, ananyamaza. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu, viti vile vilikuwa adhabu tosha.

Nyanzobe hakuwa na Kiswahili cha kupamba. Akikasirika alimalizia sentensi kwa Kisukuma, na mwenyekiti alilazimika kumkumbusha kuwa lugha ya kikao ni Kiswahili, ingawa nusu ya ukumbi ilikuwa imeshacheka kwa kuelewa. Wakuu wa idara walikuwa wakimwona anasimama wanatabasamu, lile tabasamu la kumtazama mtoto anayeimba mbele ya wageni. Liliniudhi sana. Maswali yake yalikuwa mafupi kuliko yote, na ndiyo maana hayakujibiwa.

Swali lake kubwa lilikuwa maji ya zahanati. Halmashauri ilituchimbia kisima pale, ikaweka pampu ya umeme na simtenki jeusi juu ya mnara wa chuma, na bomba likaingizwa mpaka chumba cha kujifungulia. Utepe ukakatwa, tukapiga vigelegele, mimi nikiwa wa kwanza. Haikupita muda pampu ikaungua. Kuungua si dhambi, vyuma vinaungua. Balaa ni kwamba mradi ulikuwa umeshatolewa taarifa huko juu kwamba umekamilika, na mradi ukishakamilika kwenye taarifa hauruhusiwi kuharibika. Nikiripoti kwamba pampu imekufa, najibiwa kwamba kisima kinafanya kazi. Nikasema mimi niko hapa nakitazama. Nikajibiwa nitazame vizuri.

Basi zahanati ikarudi kwenye sheria yake ya zamani: mjamzito akija kujifungua, aje na ndoo yake ya maji. Nesi Rehema, mwanamke wa Tanga aliyeletwa kwetu na kazi kama nilivyoletwa mimi, aliibandika mlangoni kwa aibu, kwa mwandiko mdogo kabisa. Na hayo maji wanayatoa wapi? Visima vya kienyeji vikikauka, yanabaki madimbwi ya mialo, pale wachimbaji wadogo wanapooshea mchanga wa dhahabu kwa zebaki. Mtu anakwenda kuzaa na ndoo ya maji ambayo mimi nisingemnywesha mbuzi wangu.

Mbuke, mke wa kijana mmoja mchimbaji, alifika pale mchana mmoja uchungu umeshamkaba, hana ndoo. Alikuwa ametoka sokoni. Nilikuwa zahanati kwa mambo ya chanjo. Nesi akatazama pipa, kavu. Akaniambia, "Mama Minza, kimbia." Nikakimbia mpaka duka la Mzee Alibhai, ambaye familia yake imeuza sukari na chumvi pale tangu machimbo hayajawa machimbo. Kabla sijamaliza kueleza alikuwa ameshaninyanyulia katoni ya maji ya kunywa, akaniwekea begani yeye mwenyewe, akasema nitaeleza nikirudi. Nesi akanawa mikono kwa maji ya chupa. Mtoto akaogeshwa kwa maji ya chupa, vile vichupa vidogo ambavyo waheshimiwa huwekewa mezani kwenye vikao. Nilikuwa nafungua vizibo na kumpa, nafungua na kumpa, na nilikuwa nalia kwa hasira. Mbuke, katikati ya maumivu yake, ndiye aliyenibembeleza, akiniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, nyamaza, tumeshapona." Nimeona mengi machimboni, lakini siku ile iliniingia vibaya.

Nikamweleza diwani kila kitu. Kwenye baraza lililofuata Nyanzobe akasimama akauliza tena, na mhandisi wa halmashauri, kijana mpole mwenye miwani, akajibu kama kawaida, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kisima hicho kimekamilika na kinatoa maji." Nyanzobe hakukaa. Akauliza kama mhandisi amewahi kunawa uso kwa maji hayo. Ukumbi ukachangamka. Mwenyekiti akagonga meza, akasema basi, kamati ya madiwani pamoja na mkurugenzi wa halmashauri watakwenda kujionea wenyewe. Maji yakikutwa, hoja inafungwa na haitaletwa tena, na mheshimiwa diwani atapelekwa kamati ya maadili kwa kulidanganya baraza. Nyanzobe akasema sawa. Akavuta kiti, akakaa.

Hapo ndipo mambo yalipofika, na naomba mlielewe hili kabla sijaendelea. Siku ile ya ukaguzi ilikuwa inaamua kama wanawake wa kata nzima wataendelea kuzaa na ndoo, na kama mtu pekee aliyekuwa akiwasemea atafungwa mdomo.

Siku moja kabla ya wageni, mhandisi alinipigia simu. Aliongea kwa heshima, shikamoo mama, habari za nyumbani. Kisha akasema asubuhi boza, gari la kubebea maji, litakuja kujaza tenki, na kazi yangu ni kuhakikisha hakuna mtu anayegusa koki mpaka wageni wafungue, wapige picha, waondoke. Nikamuuliza, na wakishaondoka? Akasema tutaangalia. Nikamuuliza tena, na hayo yatakayobaki tenkini yakiisha? Akasema, "Mama, tusaidiane." Nikamjibu kwamba mimi ni mtendaji wa kata, si mlinzi wa bomba. Akacheka, akidhani namtania. Nadhani hakuna mtumishi aliyewahi kumkatalia kitu kwenye simu, wengi wetu tunakatalia nyumbani tukishakata.

Ninyi mnaijua desturi hii, tusidanganyane. Ugeni ukija shule inapigwa chokaa, madawati yanaazimwa kijiji cha pili, dawa zinahamishwa kutoka zahanati moja kwenda nyingine zikitangulia msafara kwa pikipiki. Nimewahi kuwaona ng'ombe wale wale wakikaguliwa kwenye majosho mawili. Watumishi wazuri kabisa hufanya hivyo, na jioni wanakula ugali wao wakalala. Mimi tumbo langu lilikataa.

Boza likaja jua likichomoza, likajaza tenki, likaondoka. Nikapanda pale kwenye ngazi ya zahanati, nikafungua koki, nikakinga mkono, nikaona maji. Yamefika. Hayakuwa ahadi tena. Nikachukua kipaza sauti, nikazunguka kitongoji kwa kitongoji nikitangaza, kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma: mwangaluka jamani, maji safi yamefika zahanati, njooni na ndoo.

Walikuja! Walikuja na ndoo, madumu, masufuria, mama mmoja na beseni la kuogeshea watoto. Nilimpigia kamanda wa sungusungu, akaja na fimbo yake kusimamia foleni, na hakumpiga mtu. Kwanza tulijaza mapipa yote ya Nesi Rehema, ndani na nje, mpaka chombo cha kuchemshia vyombo. Kisha wajawazito, kisha wazee, kisha wengine. Kijana mmoja alileta pikipiki yake aioshe, akatazamwa na wanawake wote kwa pamoja, akageuza. Mzee Lutonja alikaa pembeni na koti lake la sufu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nitafukuzwa kazi. Nikamwambia najua. Akasema, "Basi waambie wasimwage njiani."

Msafara ulipofika, tenki lilikuwa linatoa matone ya mwisho. Wakashuka mwenyekiti, madiwani, mkurugenzi, mhandisi na mpiga picha. Wanawake wenye ndoo kichwani wakawapokea kwa vigelegele, wakamshukuru mkurugenzi kwa maji, wakamwombea maisha marefu na watoto wengi. Alipokea shukrani zile kwa furaha ya kweli, masikini. Nyanzobe alikuwa nyuma, uso umempauka. Aliona ndoo zimejaa, akajua amekwisha. Sikuwa nimemwambia. Ningemwambia angenikataza, kwa kuwa alikuwa mkweli kuliko mimi.

Mhandisi akasogea kwenye koki, akajiweka sawa kwa ajili ya picha, akafungua. Koki ikatoa pumzi. Akaifungua mpaka mwisho. Pumzi.

Akaeleza haraka kwamba wananchi wameyachota, kama mheshimiwa mwenyekiti anavyoona, ushahidi ni hizo ndoo. Maelezo mazuri. Yangetosha kabisa kama si diwani mmoja mzee, mkulima wa mpunga, ambaye kwenye vikao alijulikana kwa kusinzia. Siku ile alikuwa macho. Akasema vizuri, kama yamechotwa, washa pampu tenki lijae, sisi tutasubiri, hatuna haraka. Akatafuta kivuli cha ukuta akakaa chini.

Mhandisi alisimama na ufunguo wa boksi la swichi mkononi. Tulimtazama sote. Akaingiza ufunguo, akautoa. Akavua miwani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "pampu iliungua zamani. Haya yalikuwa maji ya boza."

Nitasema jambo na msinibishie: nilimheshimu kuanzia dakika ile. Angeweza kusema umeme umekatika. Angeweza kuniangushia mimi. Nyanzobe alikaa chini pale pale vumbini na kitenge chake kizuri, akajifunika uso, mabega yakimcheza. Nikamwendea. Alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, akinitukana kwa Kisukuma kwa kutomwambia.

Mkurugenzi akageuka. Kijana mwenye umri wa mwanangu, na kila akinikuta ofisini ananiamkia kwa adabu. Akauliza mbele ya watu wote nani aliwaita hawa wananchi.

"Ni mimi," nikasema.

"Uliambiwa ulinde bomba."

"Niliambiwa, Mkurugenzi. Lakini maji yakifika kwenye kata yangu, natangaza."

Akaingia garini. Barua ya kujieleza ilinifikia kabla vumbi la msafara halijatua, au niliona hivyo. Nikaijibu kwa sentensi ile ile niliyomwambia, na sahihi.

Baraza lililofuata lilikuwa la kukumbukwa, nami nilikuwa kwenye viti vyangu vya nyuma. Mhandisi alirudia ukweli wake mbele ya wote. Nyanzobe akasimama na swali la nyongeza, lenye neno moja: "Lini?" Mkurugenzi akasema suala linafanyiwa kazi. Mwenyekiti akataka kupita kwenda ajenda inayofuata, na hapo madiwani wakagoma. Hawakupiga kelele wala kutoka nje. Kila aliyeitwa kuchangia ajenda mpya alisimama, akauliza "Lini?", akakaa. Wa tumbaku, wa mpunga, wa machimbo, wa chama hiki na cha kile. Hata yule mzee wa kusinzia aliuliza mara mbili. Wale waliokuwa wakitabasamu Nyanzobe akisimama, siku ile hawakutabasamu. Mwisho mkurugenzi akafuta jasho, akataja tarehe.

Pampu ilikuja kwa tarehe hiyo. Mafundi walipomaliza, Nesi Rehema alinipigia simu, hakunisalimu, alisema tu nisikilize. Nikasikia maji yakipiga kwenye sinki la chumba cha kujifungulia, na nyuma yake kichanga kinalia kwa hasira kama mdai. Nilikaa kitako kwenye benchi la ofisi.

Wiki hiyo hiyo mkurugenzi akaniita. Nilimkuta peke yake, ameniagizia chai. "Shikamoo, Mama Minza." Nikaitikia marahaba. Akanieleza kwamba kamati ya nidhamu inataka nihamishwe kwenda pembezoni, upande wa tumbaku, mbali kabisa. Yeye anajua nimejenga pale, mume wangu amezikwa pale, na nimebakiza miaka michache. Hataki kunitesa. Niandike tu kwamba nilikosea, niombe radhi, nibaki nyumbani kwangu mpaka nistaafu. Alisema kwa upole, na naamini alimaanisha. Nilifikiria nyumba yangu. Nilifikiria kaburi, nani atalifyekea. Sitawadanganya, roho iliniuma hasa.

Nikaweka kikombe chini.

"Mkurugenzi, pampu imefungwa?"

Nilikuwa najua. Nilitaka aseme kwa mdomo wake.

"Imefungwa, mama."

"Inatoa maji?"

"Inatoa."

"Basi niandikie uhamisho."

Akavuta karatasi, akaandika.